Sura ya Sita: Mwiba Usiojificha

Beberu wa babu yangu alikuwa na ndevu ndefu na adabu fupi. Likizo za Septemba nilipelekwa kijijini, magharibi ya Dodoma, na kazi yangu ilikuwa moja: kuhakikisha beberu yule na wake zake hawaingii mashamba ya watu. Septemba kule hakuna jani chini. Nyasi zimebaki vishina, udongo umepauka, na chochote cha kijani kiko juu mtini. Siku moja beberu alisimama kwa miguu ya nyuma, kwato za mbele ameziegemeza kwenye shina la mgunga, akanyoosha shingo. Kisha akafanya jambo lililonishangaza kwa mnyama aliyezoea kupora: alitulia. Alikunja mdomo wa juu, akapenyeza ulimi kati ya miiba miwili, akachomoa vijani vinne vitano, akarudi nyuma. Akapepesa macho. Akautazama tena ule mti, akatafuta mwanya mwingine.

"Babu, haimchomi?"

"Inamchoma, mjukuu wangu. Ingekuwa haimchomi, angeshaumaliza mti."

Swali ambalo sikuuliza siku ile ni la rangi. Majani ya mgunga ni ya kijani, gome lake ni la kahawia iliyokolea, na miiba yake mirefu iliyonyooka ni myeupe kama chaki. Ukisimama hatua ishirini kutoka kwenye kichaka cha mgunga, kitu cha kwanza kukuingia machoni ni miiba, majani yanafuata. Mwindaji huficha mtego wake. Chui hukunja kucha. Huu mti umeshika silaha zake mkononi na kuzipaka chokaa.

Fumbo kama hilo lilimsumbua Charles Darwin mwaka 1867, ingawa yeye alikuwa akiwaza viwavi. Alikwishaamini kwamba rangi za kupendeza za ndege dume zinatokana na majike kuchagua waume wa kuvutia. Lakini kiwavi hana mke wala mume. Hajafika umri huo. Kwa nini basi baadhi yao ni wekundu, wa manjano, wenye mistari, wamekaa juu ya jani kama wameandikiwa wasifiwe? Alimwandikia Alfred Russel Wallace, ambaye jibu lake lilikuwa rahisi: viwavi hao watakuwa na ladha mbaya, na kwao kuonekana mapema ni salama kuliko kuonjwa. Kiwavi aliyedonolewa na kutemwa amekufa vilevile. Heri ndege amtambue kabla hajamgusa. Wallace aliwaomba wafuga ndege wajaribu, na mwaka 1869 John Jenner Weir akaripoti kwamba ndege wake waliwakataa viwavi wa rangi kali na kuwala wale wa rangi ya majani. Mwaka 1890 Edward Poulton akaipa hali hiyo jina kutoka Kigiriki, lenye maana ya ishara ya kumfukuza mtu mbali. Tangu hapo kila kitabu cha baiolojia kina picha ya nyigu na chura mwenye sumu.

Mimea ilisahauliwa. Miaka zaidi ya mia ilipita wataalamu wakihesabu mistari ya wadudu, na miiba yenye rangi iko dirishani mwao, kwenye chungu cha kakati. Ni mwaka 2001 ndipo Simcha Lev-Yadun, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Haifa, alipochapisha hoja kwamba rangi za miiba ya kakati, mishubiri, jamii ya mkonge na jamii ya mnyaa ni onyo la aina ileile ya nyigu. Baadhi ya miiba ni myeupe, mingine ya manjano, myekundu au myeusi. Mingine imezungukwa na doa au ukingo wa rangi tofauti na jani. Ukipita shamba la mkonge Korogwe utaona mfano bila kushuka kwenye baiskeli: jani lina rangi ya kijani cha kijivu, na ncha yake, mahali penye sindano, ni ya kahawia iliyokaribia weusi, kama kalamu iliyochovywa wino.

Kuna tofauti kati ya mti na kiwavi ambayo mimi naona inaipa hoja hii nguvu zaidi. Kiwavi akidonolewa hana maisha ya pili. Mti ukiumwa tawi moja unabaki hai, na aliyeuma anabaki jirani. Mbuzi, swala na ng'ombe wanarudi kwenye malisho yaleyale msimu hadi msimu, wanaishi miaka, na watoto wao wanakula ubavuni mwa mama zao wakitazama anachochuma na anachoruka. Ni wanafunzi wazuri kuliko ndege wa Jenner Weir. Mwalimu naye hahami.

Na mwiba peke yake, bila rangi, unachelewa. Unachoma pale mdomo umekwishafika, na mara nyingi jani limekwishaondoka na mdomo huo. Mnyama akiuona kwa mbali anaweza kwenda kwenye kichaka cha jirani kisicho na kitu, na hapo mti umefaidika mara mbili: haukuguswa, na jirani anayegombea naye maji ameliwa.

Babu alikuwa sahihi kuhusu mwendo wa mbuzi, na vipimo vipo. Mwaka 1986 Susan Cooper na Norman Owen-Smith walichapisha matokeo ya kazi yao ya Nylsvley, Afrika Kusini. Waliwafuatilia tandala, swala pala na mbuzi wa kufugwa wakila, wakaondoa miiba kwenye baadhi ya matawi na kulinganisha. Miiba haikuwazuia wanyama kula. Iliwapunguzia tonge. Badala ya kukwanyua kichipukizi kizima walilazimika kuchuma jani mojamoja, na ile miiba iliyopinda kama ndoana iliwachelewesha zaidi kwa kuwashika midomo na masikio. Kwa mnyama anayepaswa kujaza tumbo kabla giza halijaingia, tonge dogo ni hasara ya kweli.

Tukubali basi kwamba mwiba unauma na kwamba mnyama anajifunza. Linabaki jambo ambalo wengi wanaoandika habari hizi huliruka: nani anatazama?

Jicho la binadamu lina aina tatu za seli za kupokea rangi. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wana mbili. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1998 vilionyesha kwamba aina moja ya seli zao huitikia zaidi mwanga wa karibu nanomita 445, upande wa buluu, na nyingine karibu nanomita 555, pale kijani kinapoanza kuelekea manjano. Ya tatu, ile inayotuwezesha sisi kutenganisha wekundu na kijani, hawana. Pilipili iliyoiva katikati ya majani yake, ambayo kwetu inapiga kelele, kwa mbuzi ni kitu cheusicheusi kwenye kivuli. Swala na wenzao wengi wa porini wako hivyohivyo.

Kwa sababu hiyo mimi sishawishiki haraka na habari za miiba myekundu. Huenda inasema na mtu mwingine: ndege, au nyani, ambaye anaona kama tunavyoona. Huenda ni kinga ya jua kwa tishu changa, maana machipukizi ya miti mingi huanza yakiwa mekundu. Lakini nyeupe ni jambo jingine. Nyeupe haihitaji seli ya tatu. Inahitaji tu tofauti ya mng'ao kati ya kitu na kilicho nyuma yake, na tofauti hiyo ipo mchana, magharibi, na hata usiku wa mbalamwezi, saa ambazo wala majani wengi bado wanatafuna. Anayetaka kuandika kibao kisomwe na ng'ombe asipoteze rangi nyekundu. Aandike kwa chokaa.

Jani la mbigili mmoja wa nchi zinazozunguka Bahari ya Mediterania, Silybum marianum, linafanya hivyo hasa. Ni jani pana, la kijani kibichi, lenye miiba pembeni, na juu yake mishipa imezungukwa na michirizi myeupe iliyosambaa kama maziwa yaliyomwagika. Lev-Yadun aliandika makala kuhusu mimea ya aina hiyo akiiita pundamilia wa kijani. Michirizi haichomi, lakini inaonekana kutoka mbali kuliko mwiba wenyewe, ambao ni mwembamba kama nywele ya brashi.

Ushahidi wa kwamba mwiba ni zaidi ya sindano ulikuja mwaka 2007. Malka Halpern, Dina Raats na huyo Lev-Yadun waliokota miiba ya mtende na ya mti mmoja wa jamii ya waridi, wakaipeleka maabara. Juu yake walikuta bakteria wa kuleta maradhi, akiwamo Clostridium perfringens, anayeozesha kidonda. Wakulima wa mitende hawakuhitaji maabara. Ndiyo maana wengi hukata miiba ya makuti kabla ya kupanda kuchavusha. Yeyote aliyewahi kuchomwa na mwiba wa mtende anajua kidole kinavyovimba siku ya tatu.

Rangi ya manjano ina kesi yake, na kesi hiyo inaitwa ndulele. Utotoni tulichomeka njiti nne kwenye tunda la ndulele, tukapata ng'ombe. Mwenye ndulele nyingi ndiye tajiri. Hakuna aliyetuambia kwamba hiyo ni sumu, tulijua tu kwamba hailiwi. Mmea una miiba hadi kwenye mgongo wa jani. Tunda likiwa bichi lina mabaka ya kijani na nyeupe, likiiva linakuwa la manjano safi, rangi ambayo jicho la ng'ombe linaitambua vizuri, na ng'ombe huliacha. Hapa ningefurahi kuandika kwamba tumepata onyo kamili. Lakini kwenye utafiti uliofanyika Mpala, Laikipia, na kuchapishwa mwaka 2014, kamera ziliwanasa ndovu na swala pala wakila ndulele bila wasiwasi, ndovu akila tunda, shina na kila kitu. Tunda, baada ya yote, limeumbwa lichukuliwe. Mbegu inataka msafiri. Manjano yaleyale yanaweza kumwambia mmoja "pita" na mwingine "karibu". Ukisoma mahali kwamba rangi fulani ya mmea ni onyo, muulize mwandishi: kwa nani?

Na yapo maadui wa kutisha ambao hawavai chochote. Msunguti, ambao gome na mizizi yake ndiyo iliyotoa sumu ya mishale ya wawindaji wengi wa Kenya na Tanzania, ni kichaka cha kijani cha kawaida chenye maua madogo meupe yanayonukia. Hauna doa wala mstari. Anayevaa tangazo la msunguti ni mnyama: panya mmoja mkubwa mwenye manyoya marefu, Lophiomys, anayetafuna gome lake na kujipaka mate hayo ubavuni. Jonathan Kingdon, mzaliwa wa Tabora, na wenzake walieleza jambo hilo mwaka 2011. Panya akishambuliwa hutenga manyoya yake na kufunua ukanda uliozungushiwa nyeusi na nyeupe, na mbwa anayeuma hapo huweza kufa. Mti umenyamaza, mpangaji wake ndiye anayebandika matangazo.

Turudi kwenye migunga, kwa sababu huko ndiko nyumbani kwa hoja hii. Mwaka 2005 kongamano la wataalamu wa mimea huko Vienna liliwaachia Waaustralia jina Acacia, na migunga yetu ikagawanywa katika majina mawili mapya ambayo hakuna mchungaji atakayeyatumia. Sisi wa huku tulinung'unika. Lakini mgawanyo wenyewe, nakiri, una maana. Kundi moja, Vachellia, lina miiba iliyonyooka inayoota wawiliwawili chini ya jani, na kwa kawaida hiyo ndiyo myeupe. Kundi la pili, Senegalia, ndilo la kikwata na jamaa zake: ndoana fupi, zilizopinda, za kahawia au nyeusi. Kikwata hakikuonyeshi kitu. Unakijua pale kinapokushika shati, na ukijivuta mbele kinakaza. Mgunga ule wa babu ulikuwa na vyote viwili kwenye tawi moja, sindano nyeupe ndefu za kuonekana na ndoana ndogo chini yake kwa ajili ya asiyesikia.

Mwiba wa mgunga ukiwa mchanga ni laini, wa kijani au wenye wekundu kidogo, na mbuzi huutafuna pamoja na majani yake. Ukishakauka na kuwa mgumu ndipo unapokuwa mweupe. Tangazo linatoka siku silaha inapokuwa tayari.

Lakini sio kila anayetangaza ana silaha. Waswahili walilisema hili zamani: aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mnyama aliyefundishwa na mwiba wa kweli hatasimama kuhakiki kila mwiba anaouona. Kwenye jamaa za mkonge zenye meno pembeni mwa jani, majani yanapokuwa bado yamebanana katikati ya mmea, meno ya jani moja hugandamiza jani la jirani na kuacha alama zake. Jani likishafunguka linabaki na safu ya pili ya miiba iliyochorwa tu juu ya ngozi. Kule Ecuador, watafiti walichukua majani ya kijani ya mmea wa Caladium na kuyapaka wino mweupe wa kufutia makosa ofisini, yakafanana na yale yenye mabaka ya asili, ambayo nayo yanafanana na jani lililokwishatobolewa na funza wa nondo. Nondo waliyaepuka. Hakuna aliyejeruhiwa, ni unyasi tu.

Wapo wanaopinga, na hoja yao bora ni fupi: mfupa nao ni mweupe, wala haumwonyi mtu. Mwiba uliokomaa ni mti mkavu usio na chembe za kijani, na mti mkavu unapauka. Inawezekana kabisa kwamba weupe ulianza hivyo, bila kusudi lolote. Hata hivyo ndoana ya kikwata nayo hukauka, na haipauki. Jaribio la kukata shauri ni jepesi kulieleza: paka nusu ya miiba rangi ya majani, acha nusu nyingine, fungulia mbuzi, hesabu tonge. Mimi ningeweka dau langu kwenye chokaa.

Kuna mgunga mmoja unaostahili kuangaliwa kwa karibu kabla hatujafunga sura. Unaota kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaonasa magari wakati wa masika, kuanzia Laikipia hadi Serengeti. Ni mfupi, mwembamba, na baadhi ya miiba yake myeupe imevimba kwenye tako na kuwa kinundu chenye ukubwa wa ndimu ndogo, ambacho kikikauka hugeuka cheusi. Sisimizi hutoboa kinundu na kuishi ndani. Upepo ukipita kwenye matundu hayo, mti unapiga mluzi. Mwaka 2016 Lev-Yadun alipendekeza kwamba hata mluzi huo ni onyo, la masikio safari hii. Bado ni dhana, lakini ni dhana niipendayo.

Gusa tawi lake uone. Kabla hujahesabu tano sisimizi wamepanda kwenye kidole, mikia juu, na wanauma pale ngozi ilipo laini. Ndovu, ambaye hakuna mwiba unaomtisha, ana ngozi laini ndani ya mkonga. Jacob Goheen na Todd Palmer walichapisha mwaka 2010 jaribio walilofanya Kenya na ndovu wachanga yatima. Matawi ya mgunga huu yakiondolewa sisimizi, ndovu waliyala sawa na kikwata, chakula chao cha siku zote. Matawi ya kikwata yakitiwa sisimizi, waliyakataa. Na Palmer na wenzake walikwishaonyesha mwaka 2008 kwamba miti iliyozungushiwa uzio kwa miaka 10, isiguswe na mnyama mkubwa, hupunguza utomvu mtamu na vinundu inavyowapa walinzi wake. Miiba nayo hufupika. Mti hauajiri askari pasipo na mwizi.

Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 2000, Laikipia ilipata mgeni: sisimizi mwenye kichwa kikubwa, Pheidole megacephala, anayesafiri duniani kwa mizigo ya watu. Anawaua sisimizi wenyeji hadi watoto wao ndani ya vinundu, na baada ya hapo hana habari na mti. Douglas Kamaru na wenzake walifuatilia matokeo yake katika hifadhi ya Ol Pejeta na kuyachapisha mwaka 2024. Pale mgeni alipoingia, ndovu walivunja miti mara tano hadi saba zaidi. Vichaka vilipungua, uwanja ukawa mweupe, na pundamilia wakaweza kumwona simba anaponyatia. Mwaka 2003 pundamilia walikuwa asilimia 67 ya mawindo ya simba; mwaka 2020 walikuwa asilimia 42. Simba hawakupungua. Walihamia kwa nyati.

Migunga ambayo haijaangushwa ingali na miiba yake myeupe na vinundu vyake vyeusi, kama jana. Ndovu anaikaribia, anapeleka mkonga, anasubiri kidogo kama anayebisha hodi kwenye nyumba aliyowahi kufukuzwa. Hakuna anayetoka.